Jiwe la Mtandao

Hapa Makete mtandao haushuki bondeni.
Unakaa juu, nyuma ya banda la nguruwe wa shule,
kwenye jiwe moja lenye kuvu,
na anayeutaka sharti aupandie.
Jioni jiwe ni letu, walimu,
makoti hadi shingoni, vidole ganzi:
mmoja anauliza bei ya viazi Njombe,
mmoja anambembeleza mke aliyebaki Uyole,
mmoja anacheka peke yake.
Usiku wa manane jiwe ni lao.

Mimi ndiye mwalimu wa nidhamu.
Nilikuwa na ndoo iliyowahi kuwa ya rangi,
na ndani yake simu kumi na saba,
nyingine zimefungwa kwa mpira, nyingine hazina mgongo,
moja niliitoa kwenye tumbo la mkate.
Ijumaa, paredi, baridi ya Julai,
umande umeganda majanini kama chumvi,
mkuu wa shule akanipa nyundo.
Nikapiga.
Vioo vikaruka. Kidato cha kwanza wakashangilia
kwa kuwa waliona wenzao wanashangilia.
Nikarudi ofisini, nikanywa chai,
nikijua nimeua nyoka.

Nyoka alikwisha kuhama.

Ezelina Tweve, kidato cha tatu,
yule ambaye insha zake huvuka mstari wa mwisho
na kuendelea kwenye jalada la daftari,
hana simu. Hajawahi kuwa nayo.
Uso wake ndio waliokuwa nao.
Waliukata kwenye picha ya kipaimara,
wakaubandika juu ya mwili asioujua,
wakautuma.
Ukateremka hadi Mbeya mjini,
ukapanda tena hadi jiweni,
na yeye akawa wa mwisho kuuona.
Akaacha kuja bwaloni.
Akaacha kuitikia jina lake asubuhi.
Nami nikamwandikia: utoro, fimbo tatu.

Na picha, mimi niliionea wapi?
Nikidanganya hapa, nitasema kweli wapi tena.
Niliionea jiweni, jioni, kwenye simu yangu,
katika kundi letu la walimu,
chini ya tangazo la mchango wa msiba.
Mtu alikuwa ameweka vile vikatuni
vinavyocheka hadi machozi. Vitatu.
Mimi sikucheka.
Mimi niliuliza bei ya viazi.

Wilayani walituletea waraka, kurasa nne:
marufuku, marufuku, ni marufuku,
na muhuri wa bluu.
Nimeusoma mara mbili.
Hausemi mtoto aende kwa nani, saa ngapi,
aanze na neno gani
uso wake ukishaibiwa.

Mpishi, Mama Mbilinyi, ndiye aliyemkuta
amejikunyata kati ya kuni na ukuta.
Akampa uji, hakumuuliza kitu.
Kesho yake akaja kwangu, mwiko ungali mkononi:
"Mwalimu, katika zile simu ulizoponda,
picha ilikuwamo kwenye ipi?"

Usiku ule nilipanda bila fimbo, bila tochi.
Vijana watatu wakanyanyuka kukimbia.
Nikasema, kaeni.
Nikasema, nifundisheni: kitu kama hiki hufutwaje?
Walinitazama kama ng'ombe aliyeomba kalamu.
Kisha Essau akasogea, akanionyesha
pa kubonyeza, pa kulalamika, jina la kuandika,
kidole chake kikitetemeka,
na sikujua kama ni kwa baridi,
au ni kidole kilekile.
Sikumuuliza. Nitamuuliza,
lakini si kwenye paredi.

Jumatatu nilianza na kundi letu.
Niliandika mistari mitano, nikaweka jina langu.
Wawili walijitoa. Mkuu bado hajaniita.
Kisha nikafungua daftari la adhabu
nikafuta fimbo tatu za Ezelina, ambazo alishachapwa.
Wino wa kalamu haufutiki vizuri.
Karatasi imechubuka pale,
na ukiiinua dirishani
bado unasoma.