Kitabu Kinasomwa

Jumatatu, saa tatu na nusu, mashine ya nne,
ile ambayo herufi R haishuki mpaka uikemee.
Naandika: udongo, miteremko, nyufa.
Hazina ya vitabu vya chuo inazunguka, inazunguka,
kama mtu anayetafuta ufunguo mfuko huu na huu,
kisha inanitolea jalada la kijani, kurasa mia tatu na sita,
na chini yake maneno mekundu:
Nakala moja. Kitabu kinasomwa.

Sawa. Nasubiri.
Nje mvua inaikanyaga Kadutu kwa miguu yote miwili.

Jumanne: kinasomwa.
Jumatano asubuhi: kinasomwa.
Jumatano usiku, kwa simu, kwa mega hamsini
nilizonunua kwa pesa ya sambaza:
kinasomwa.

Nikaanza kumchukia huyo mtu.
Nikamvisha miwani, nikampa meza pana kule Muhumba,
baba mwenye jenereta,
ua uliojengewa mawe hadi ziwani.
Nikamwona akifunua ukurasa kwa kidole kimoja,
akipiga mwayo, akiagiza chai.
Wa nini kwake udongo? Udongo wake umelala.
Wa kwetu Funu haulali.
Ukuta wa chumba cha mama una ufa
uliokuwa unywele wakati wa Pasaka;
leo unameza kalamu hadi kifuniko, nimejaribu.
Mama ameuziba kwa gazeti, kwa uji wa muhogo na kwa sala.
Profesa alisema: ukurasa wa mia na kumi na mbili,
pana mchoro, utajua ufa upi ni wa plasta
na upi ni wa mlima unaohama.
Alisema hivyo akifunga mkoba,
na mlango ukamfuata.

Alhamisi nikaenda kwa Bi Ntakwinja wa maktaba,
aliyezeeka pamoja na makasha ya kadi
na asiyekiamini kitabu kisichoweza kuloa.
Nikamwambia: mfukuzeni huyo mtu.
Akavaa miwani, akaandika kwa vidole viwili,
taratibu, kama anachambua maharage.
Akasoma. Akanitazama. Akasoma tena.
"Nabintu Zihalirwa ni nani?"
Ni mimi.
"Basi jifukuze."

Ijumaa, dakika tano kabla ya kufunga,
ndiyo, nilikuwa nimebonyeza Azima,
na umeme ukakatika kabla sijaona hata jalada.
Tulitoka tukipapasa kuta, tukicheka, tukiulizana viatu.
Nilidhani sikukipata.
Lakini huko mbali, katika mashine kubwa
isiyojua Ruzizi wala ratiba ya giza letu,
nilikuwa nimeketi. Nilikuwa nasoma.
Siku sita, usiku na mchana, bila fufu, bila kusinzia,
mwanafunzi ambaye mama yangu humwombea
alikuwa pale, na mimi nikimtukana.

Bi Ntakwinja akabonyeza kitu.
Yule wa Muhumba akavua miwani, akaniachia kiti.

Mia na tisa. Mia na kumi.
Mia na kumi na moja ni jedwali, nikaliruka.
Mchoro wenyewe mdogo, mistari ya wino hafifu:
ufa wa plasta hutangatanga kama nyayo za kuku,
ufa wa mlima hupanda ngazi, tofali kwa tofali,
chini mpana, juu mwembamba.
Nikafungua daftari, nikachora wa kwetu pembeni.
Sikuhitaji kuchora wote.

Nikabonyeza Rudisha. Nikabonyeza tena,
nikangoja mpaka maneno mekundu yakawa kijani,
maana pengine yuko mtu, Panzi au Bagira,
anayenichukia tangu Jumamosi.

Kisha nikasimama kwenye ngazi za nje, mvuani,
salio la dakika mbili.
Mama, nikamwambia, usiulize.
Kitanda kwanza. Kihamishie upande wa barabara.
Ukuta tutauongea nikifika.