Kuchelewa kwa Makusudi

Nyuki nimemgandisha mgongo kwa tone la nta
kwenye ncha ya sindano. Nta ni yao wenyewe, sikuitoa mbali.
Miguu haina pa kukanyaga, basi anaruka,
anaruka pale pale,
anakwenda Sikonge bila kuondoka mezani.

Bawa linakata mwale mwekundu: huo ndio mpigo wa kwanza.
Hapo kisanduku kinaanza kazi,
na kazi yake ni kutokufanya lolote
kwa muda niliokipangia.
Maikrosekunde mia mbili. Kisha, taa!
Mia nne. Taa.
Mia sita.
Jicho langu linaona ukungu unaotetemeka, basi;
kamera inaona bawa likiinuka, likijipinda
kama kiganja cha mtu anayesema hata mimi sijui.

Kashindye ananicheka: "Milembe, fedha zote zile
mmenunulia chombo cha kuchelewa?
Si mngeniajiri mimi?"
Wewe, Kashindye, unachelewa ovyo,
leo robo saa, kesho mpaka adhuhuri.
Hiki kinachelewa vile vile mara elfu kumi.

Baba alikuwa mbadili njia hapa stesheni ya Tabora,
reli ya Kigoma na ya Mwanza zikiachana miguuni pake.
Alirudi ananuka grisi, anavua viatu, anasema:
leo nimeizuia ya Mwanza dakika kumi na moja.
Alivyotamka "nimeizuia" ungedhani ameizaa.
Abiria walimtukana madirishani,
wakanunua karanga, wakamtukana tena.
Hawakujua dakika zile aliwawekea nani.

Saa nane umeme ukakatika.
Kisanduku kikasahau namba zote.
Ndani ya chumba, madirisha yamebandikwa magazeti,
nikasikia bawa likiendelea gizani,
mia mbili na ushei kwa sekunde,
bila mwale, bila taa, bila mimi.

Uliporudi nikaanza upya. Sifuri. Mia mbili. Mia nne.
Kwenye elfu mbili na mia sita
bawa limelala nyuma kabisa,
na ukingo wake umechanika, umeliwa liwa
kama kanga ya kufulia.
Kumbe ni kikongwe. Amemaliza msimu mzima wa maua ya mitundu
nami nikamdai tena safari.

Nikazima. Nikayeyusha nta kwa pini ya moto, taratibu.
Akasimama kidoleni,
hakuruka mara moja.
Sikuhesabu ni muda gani.