Matangazo ya Kwaresima, Nyansha

Bwana Yesu asifiwe. Kaeni.
Mvua haitaki kuacha mabati, kwa hiyo nitapaza sauti.
Watoto wa nyuma, iacheni kamba ya kengele.

Kwanza, shukrani. Majivu ya Jumatano ile
yalitosha mapaji mia na nane,
na mengine yamebaki kikombeni, chumba cha mchungaji.
Ndiyo ile misalaba yetu ya mwaka jana,
makuti ya michikichi aliyoyafunga Obedi kwenye baiskeli
kutoka bonde la Luiche, akapanda nayo milima yote
mpaka huku Kasulu kwenye baridi.
Mwaka huu mnyororo wake umekatika.
Mwenye mnyororo amwone.

Pili. Ijumaa tutatembea Njia ya Msalaba.
Tutaanzia hapa, tutapita zahanati, tutashukia njia ya chini.
Kituo cha tatu, Bwana anapoanguka,
ni pale kwenye utelezi wa kwa Gwimo.
Hatukupachagua kwa mzaha.
Ndipo tunapoanguka wote.

Tatu. Maharage ya wagonjwa, kilo mbili kila nyumba.
Msilete yaliyotobolewa.
Mwaka jana yalikuja, na Mungu anajua yalitoka kwa nani,
ila aliyeyapepeta ni mimi.

Nne, ngoma za kwaya zimefunikwa vitenge hadi Pasaka.
Mmemwona mzee Zakayo, tangu wimbo wa kwanza
hajui pa kuiweka mikono yake.
Mara magotini, mara kwapani.
Mtu akiketi karibu naye, amvumilie:
benchi lile linatikisika kidogo.

Tano.

Tano... samahanini.
Mwandiko ni wangu mwenyewe na siuoni.
Miwani nimeiacha juu ya kabati la sahani,
kando ya chai niliyojinyima.

Kimya. Kisha benchi la pili likalia kwa kuinukiwa,
na kitu kikaanza safari, mkono hadi mkono,
kikapita kwa mama Yusta, kwa binti wa Gwimo,
hadi kwangu: miwani, mguu mmoja umefungwa uzi mweusi.
Sikuuliza ya nani.
Uzi ule niliununua mimi, zamani,
tulipokuwa tukishonea kwenye cherehani moja.

Kati yangu na Dorka kuna debe la mawese.
Mwaka wa tatu sasa.
Yeye husema alilipa. Mimi husema ilikuja nusu.
Katikati ya maneno hayo tumezika watu wanne,
tumesimama pande mbili za kaburi moja
tukiimba sauti ya kwanza na sauti ya pili,
na kila mmoja akarudi kwake kwa njia yake.

Nikaivaa. Ilikuwa na moshi wa jiko lake.
Herufi zikasogea, zikanenepa, zikakaa sawa.

Tano. Alhamisi Kuu jioni, kuoshana miguu.
Wawili wawili. Kura zimepigwa jana kwenye kofia ya mchungaji,
naye aliandika mwenyewe chini ya mwandiko wangu.
Nasoma alivyoandika.
Zakayo na Obedi.
Yusta na mke wa mwinjilisti.
Perusi Ntakije, ambaye ni mimi,
na Dorka Bihaga.

Mvua peke yake iliendelea.

Kila mtu aje na kitambaa chake.
Maji yatapashwa moto; kutubu si lazima mtu agande.
Wenye nyufa za visigino wasione haya,
sote tunalima.

Hayo ndiyo matangazo.
Nikainua macho, na kwa miwani ile ya kusomea
nyuso zote zilikuwa ukungu wa Machi:
sikujua nani amecheka, nani ameinama.

Miwani sikuipitisha tena mkono hadi mkono.
Nitaipeleka mwenyewe kesho asubuhi,
kwa njia ya chini, taratibu,
pale kwenye utelezi.