Herufi ya Mwisho

Saa tisa usiku, Dundee, mvua inapiga dirisha la chumba cha kufulia,
nami nashona majina kwenye kola za wazee
wasije wakagombea soksi.
BESSONOV. Utepe mweupe, wino mweusi:
sweta nne, pajama tatu,
na kofia ya manyoya ambayo haivui hata bafuni.

Mwenyewe yu macho. Yu macho kila zamu yangu.
"Keti, binti, nikufundishe jina langu,"
na hulikata kwa kisu cha siagi, juu ya meza:
bes, ni bila.
son, usingizi. Waskoti wakiisikia hiyo
hudhani anataja mtoto wa kiume,
naye hucheka mpaka akohoe.
ov, ni wa.
Wa nani?
Wa Mkesha.

Alikuwapo mtoto, anasema, nyuma ya theluji nyingi,
aliyekataa kulala.
Akalia hadi majirani wakampa jina,
na kilio chake kikarithiwa kama shamba,
baba kwa mwana, baba kwa mwana,
hadi chumba namba kumi na nne.

Nikamwambia, mimi hapa naitwa Bi. Mashaka.
Si jina langu. Ni la babu, mzaa baba,
aliyezaliwa Handeni mwaka wa njaa
na hakuna aliyeapa kwamba ataiona Idi.
Fomu ilitaka jina la mwisho,
nikaandika la mwisho.
Akanitazama kitambo.
"Kumbe nawe umebeba kichanga cha watu."

Asubuhi msimamizi, Bi. Geddes, akainua sweta ya zambarau:
hapa umekosea, a imezidi, ifumue.

BESSONOVA.

Naijua ile a.
Kwao jina likivaliwa na mwanamke
huongezwa pindo, awe binti, awe mke.
Na sweta hii ni ya Kapitolina,
mwaka wa tatu sasa haina mabega ndani yake.
Mzee huikunja chini ya mto.

Nikasema, ndiyo, nitafumua.
Nikatia uzi, nikapita palepale
mara mbili, nikapiga fundo kwa meno.

Usiku nikamrudishia.
Hakuwasha taa. Akaipapasa kola
herufi kwa herufi, bila haraka,
akafika ya mwisho, kidole kikatulia hapo.

Hakulala.