Tafsiri ya Maalim Suwedi

Sanduku lilikuwa la mbao, juu ya nguzo,
milango miwili, kufuli moja,
na ufunguo anao katibu wa tawi:
ukimuudhi huyo, Kikwajuni nzima inalala bila hadithi.
Jumatano ile hakuna aliyemuudhi.

Kesi ya Kizungu.
Tajiri kafa kitini, kikombe mapajani,
saa ya ukutani imekwama.
Mshitakiwa ni mkewe, kavaa glavu nyeupe,
na wakili wake ana koti lililomzidi mabega
na tabia ya kuuliza swali halafu akatazama dirishani.

Kiingereza hatukijui. Tunaye Maalim Suwedi,
karani wa zamani wa mahakama ya Vuga,
kasimama ubavuni mwa sanduku na bakora yake
akitufasiria, sauti tatu kinywa kimoja:
"Napinga, mheshimiwa!"
Nasi watoto tukapinga kila kitu wiki nzima,
kuoga, chuo, uji wa mtama.

Picha ilipopumzika, hukumu zilikuwa tayari.
Bi Zuwena wa bajia: "Ni yule mpwa.
Mtu mwema hachezei vifungo vya shati."
Machano fundi saa: "Saa haisimami kwa msiba.
Imesimamishwa. Muulizeni aliyepandia kiti."
Faki wa buchani hakutaka ushahidi:
"Chai kaimimina nani? Basi."

Basi.
Neno lile lilikwenda mpaka mkeka wa mwisho
alipokaa Bi Mize Shaame, buibui kalikusanya magotini,
mjane wa mwaka na nusu.
Mumewe alilalia supu, hakuamka.
Hakuna polisi aliyeuliza, hakuna karatasi iliyoandikwa;
mtaa ulifungua kesi wenyewe, bila wakili,
ukaacha kumwazima chungu.

Shingo ziligeuka.
Picha ikarudi. Shingo nyingine hazikurudi.

Mke wa tajiri akapanda kizimbani.
Akavua glavu, kidole baada ya kidole.
Akasema maneno machache, mdomo haukutetemeka,
na mahakama nzima ikavuta pumzi.
Maalim akanyamaza.
"Kasemaje?"
Akavua miwani. Akaipangusa. Akaivaa, akaivua tena.
"Anasema mumewe alikuwa na maradhi ya moyo."

"Mbona askari wamemshika?"
"Wanamsindikiza kwake, watu wasimbughudhi."
"Na zile pingu?"
"Bangili," akasema Maalim. "Za kwao ndivyo zilivyo."

Watu wakacheka, wakanung'unika,
Faki akasema hadithi haina mwisho, bora mpira.
Bi Zuwena hakusema kitu. Aliukunja mkeka wa Bi Mize
akaubeba kwapani mpaka mlangoni kwake.

Nimeiona tena juzi, katika simu ya mjukuu,
picha ndogo kama kibiriti, rangi zimechujuka.
Kiingereza sasa nakijua,
nimekilia mshahara bandarini miaka thelathini.
Wakili ni hodari kuliko nilivyomkumbuka.
Ile saa ilikuwa uzembe wa mtunzi tu,
haikuelezwa mpaka mwisho; Machano, Mungu amrehemu,
aliona tundu ambalo jaji hakuliona.
Mpwa anachezea vifungo kwa sababu ana baridi.
Na mke akavua glavu, akasema
kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya dagaa,
nami nikasikia alichosema.

Mjukuu aliamua tangu dakika ya kumi.
Rahisi mno, anasema, wazee mlishangaa nini?
Kaniachia simu, kenda zake kuoga.

Biubwa, mke wangu, alikuwa mtoto mkeka wa mbele.
Hajui Kiingereza hata cha kukataa.
"Kasemaje?" ananiuliza.

Sijui mpaka leo supu ile ilikuwa na nini.
Maalim naye hakujua, nadhani.
Navua miwani. Naipangusa.