Upande B

Sikuwahi kumwona. Kava la kaseti lilipotea
kabla Nkwabi wa karakana ya reli hajatuletea, Isevya,
kufidia deni la chupa mbili za asali.
Jina hakuna. Roki tu, gitaa la kukwaruza,
na nyuma yake mtu anapiga ngoma
kama anayevunja mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Nikapanga madebe matatu yanayonata bado,
mfuniko wa sufuria ukawa toazi.
Fimbo nikachonga za mninga.
"Wali wangu unaiva wazi," mama alisema,
"kwa ajili ya nani hasa?"

Palikuwa na mahali, wimbo wa tatu, upande B,
alipochelewa. Chembe tu.
Pigo lilikuja baada ya moyo kulikatia tamaa.
Pengo lile nililisomea mwaka mzima,
redio ikila betri nilizozianika juani juu ya bati.
Nyuki walikuja kwenye madebe. Sikuacha.

Juzi kijana wangu mmoja, Mihayo wa Kiloleni,
kanisikilizisha wimbo uleule kwenye simu.
Yule bwana hakuchelewa. Alipita pale
kama garimoshi la mizigo lisilo na haja na stesheni yetu.
Kumbe ulikuwa utepe. Utepe uliovutika kwa joto,
miaka thelathini nikidhani ni yeye.

"Sasa, Mwalimu," Mihayo akauliza, "tupige ipi?"

Nikashika fimbo, nikahesabu nne.
Nilipofika pale
nikachelewa.