Steringi Wawili

Kiingilio mia tano, mtoto mia mbili.
Mimi silipi, nashonea magunia hapohapo.
Chedego huniwekea kigoda karibu na mlango
nipate mwanga wa malori yanayoshuka kwenda Morogoro.

Picha ni lilelile la Jumamosi. Saa tatu na ushee.
Wanaume wawili, karibu wanyonye titi moja,
wamegawana baiskeli, kitunguu, kiatu cha shule.
Sasa kuna Nandita, na Nandita hagawanyiki.

Wapagazi wa sokoni, mabega meupe kwa vumbi la mahindi,
wanalijua kama njia ya kwenda chooni.
"Sasa hivi mvua," anasema mmoja,
na kweli, mvua.
Kule hunyesha mtu akipenda.
Kibaigwa imekata tangu Februari, majani ya mtama yamejiviringa,
na sijamsikia aliyeacha kupenda kwa sababu hiyo.

Ghafla wako kwenye mlima wa theluji,
mwanamume na koti la sufu,
Nandita na kitambaa chepesi, kitovu nje.
Theluji siijui. Naujua upepo wa Julai
unavyokuhesabu mbavu moja moja,
na najua koti lile lilipaswa kuwa begani mwa nani.
Hamvishi. Anaimba tu.
Nguo zimebadilika mara saba, sanduku silioni.

Ndahani anatafsiri kwa kipaza sauti kilichofungwa plasta.
Kihindi hajui. Anatazama midomo, anakisia.
Mama wa steringi analia dakika nne nzima,
Ndahani anasema: "Roho inamuuma."
Tunatosheka. Hata mimi nisingeongeza neno.

Baada ya mapumziko ugonjwa unaingia
kama mgeni aliyekuwa amejificha jikoni.
Kikohozi kimoja, tone la damu kwenye leso,
tumeshajua nani atazikwa, nani ataoa.
Mgonjwa anamshika mwenzake mkono:
"Mchukue, rafiki yangu."
Kama vile anakabidhi ile baiskeli.

Hapo ndipo panapovuja. Mimi ni mshonaji, tundu naliona.
Nandita yupo katikati, kamera inamzunguka,
machozi yamesimama kwenye kope, wanja haujaguswa,
na hakuna anayemuuliza.

Lakini banda zima linalia.
Mbukwa, anayebeba gunia mgongoni na jingine kichwani,
amejifunika uso kwa fulana.
Nami nalia, tusidanganyane.
Maana ukitaka kumwona mwanamume akimwambia mwenzake nakupenda
mchana kweupe, bila pombe,
itabidi utoe mia tano.

Mwaka ule wa njaa Yeremia alidandia lori la Manyoni
kabla jogoo hajawika.
Ujumbe aliuacha kwa rafiki yake, si kwangu.
Neno moja: "Mtunze."
Walimsifu hadi kanisani. Kijana ana moyo, yule.
Nami nikatunzwa.
Sikupigwa, sikulala njaa.
Nilitunzwa miaka kumi na tisa
kama redio iliyofunikwa kitambaa.

Leo, sijui Ndahani alikuwa amechoka,
sijui aliniona pale mlangoni.
Kamera ilipomfikia Nandita, mdomo umefungwa,
kila mwenye macho anaona hasemi kitu,
Ndahani akasogeza kipaza sauti, akapunguza koo:
"Na mimi je?"

Watu wakacheka.
Kisha kicheko kikakosa pa kwenda.
"Hilo halimo," mtu akasema gizani,
na wa pili: "Rudisha nyuma, tuone."
Ndahani hakurudisha. Akanywa maji.

Nilikata uzi kwa meno, nikainama kutafuta shazia.
Gunia magotini lilikuwa limeshonwa mdomo,
imara, mishono ya karibu karibu,
na ndani hakuna hata punje.